Taarabu ya Naitiri

SEHEMU YA KWANZA

"Sasa hii naifanyia nini?" Khocha aliuliza. Kanuni ilikuwa imelala magotini pake, nyuzi zaidi ya sabini zikimtazama. Maisha yake yote mjomba wangu amepiga litungu, na litungu lina nyuzi saba.

"Huifanyii chochote, mzee," Mister Dubai akajibu huku akimwekea sawa kofia ya kiua. "Unachezesha vidole tu. Muziki unatoka kwenye kompyuta."

Tulikuwa nyuma ya jukwaa la hoteli moja ya Maskati ambayo jina lake nitabaki nalo. Si ile Al Bustan iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba mwaka 1985. Lakini na hii ilijengwa kwa mfano wa kasri: kuba juu, marumaru chini, na ubani wa Dhofar ukifuka kwenye vyetezo kila pembe mpaka koo likawasha. Kanzu yangu ilinipita visigino. Mzee kutoka Ndalu, mpigaji wa siiriri, zeze la kwetu, alikuwa ameshikishwa fidla, anaigeuzageuza asijue pa kuanzia. Nafula, mwimbaji wetu, binti wa Kamukuywa, alivishwa kanga za kijani na kupakwa wanja mzito hata nikamwamkia kabla sijamtambua.

Mister Dubai alitupata Naitiri, matangani. Jina hilo ni letu sisi, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi tatu bila kuutaja mji huo. Khocha alikuwa akimsifu marehemu kwa litungu, wafiwa wakimrushia noti, na yeye akasimama pembeni anarekodi kwa simu. Alisema kuna hoteli ya Uarabuni inayotaka muziki wa Waafrika wa kale kwa usiku mmoja, shilingi elfu themanini kwa kila mtu, chakula na malazi juu yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu anayetafuta muziki amekuja kilioni na fomu za pasipoti kwenye mkoba. Khocha akauza magunia kumi na mawili ya mahindi kwa broka, kwa bei ya kutupa, badala ya kuyangojea bei ya bodi kule Kitale. Pesa hizo ndizo zilizotulipia ada ya pasipoti za watu wanne na nauli ya kwenda Eldoret kutoa alama za vidole.

Nairobi tulilala siku mbili. Nafula peke yake ndiye aliyepelekwa kupimwa damu na kupigwa picha ya mapafu. "Mwimbaji lazima mapafu yake yajulikane," Mister Dubai alisema, nasi tukacheka. Maskati nako, uwanja wa ndege, Nafula alipitishwa foleni yake. Baadaye pasipoti zote nne zikaingia kwenye mkoba wa ngozi wa Mister Dubai, kwa usalama, na mkoba ukafungwa kwa kufuli ndogo.

Bango lililokuwa mbele ya jukwaa ndilo lililotufumbua macho. Khocha aliniambia nilisome. Nikasoma: *Taarabu Asilia kutoka Zanzibar*.

"Soma tena, mwiwana," akasema, yaani mpwa wake.

Nikasoma tena. Maneno hayakubadilika.

Ukumbi wenyewe sijui niuelezeje kwa mtu aliyeko Brigadier au Kiminini. Walikuwa wamesimamisha milango ya Unguja, ile ya nakshi na misumari ya shaba, milango isiyofungua chumba chochote. Jahazi zima, tanga na yote, lilikuwa limetia nanga juu ya zulia, na karafuu zimemwagwa sakafuni ili wageni wazikanyage zitoe harufu. Meza zilipewa majina ya majumba ya kifalme: Mtoni, Beit il Sahel, Beit il Watoro. Mgeni akiingia, mwanamume anafungwa kilemba na kupachikwa jambia la kuazima, mwanamke anatupiwa kanga nyekundu mabegani. Kulikuwa na shuwa, mbuzi aliyezikwa kwenye shimo la makaa tangu jana yake, na biriani, na mishkaki, na halua inayotolewa kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye sufuria ya shaba. Bei ya kiti kimoja ingenunua mtamba mzuri pale Naitiri.

Nyuma ya viti walisimama vijana na vipepeo vya ukili, vizibao vyekundu, shuka nyeupe kiunoni, miguu mitupu. Niliyekuwa karibu naye alikuwa Mkisii.

"Wewe hapa ni nani?" nikamnong'oneza.

"Mpaka saa sita usiku ni mtumwa," akasema bila kugeuza shingo. "Saa sita na dakika moja ni Mkenya."

Kila meza ilikuwa na kijitabu. Usiku huo uliitwa Usiku wa Binti wa Mtoni, na kijitabu kilieleza kwamba binti mwenyewe ni Sayyida Salme, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, mtoto wa Seyyid Said aliyetawala Omani na Zanzibar pamoja. Salme alitoroka, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani akageuka Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Sisi, kijitabu kiliendelea, tulikuwa muziki aliolala akiusikiliza.

Taa zikapunguzwa. Mister Dubai akabonyeza kompyuta yake, na spika zikamwaga fidla, akodiani, dumbaki na sauti ya mwanamke aliyekuwa mbali sana na Kamukuywa. Nafula akafungua mdomo na kuufunga. Mzee wa Ndalu akasugua hewa. Khocha akapapasa juu ya nyuzi bila kuzigusa. Wageni walipiga makofi, Wazungu wakainua simu, na kwa dakika kumi nzima niliamini kwamba tutaokoka.

Ndipo bibi mmoja akainuka kwenye meza ya Beit il Sahel. Mfupi, mavazi meusi, mkongojo mkononi. Pembeni yake aliketi mwanawe, bwana mnene wa kilemba ambaye, kwa maneno ya Mkisii, alikuwa amelipia meza tatu nzima. Bibi alijitikisa taratibu kwa mwendo wa wimbo, noti ya riali tano juu ya kichwa, akaja jukwaani kutunza kama inavyotunzwa taarabu kwa wenyewe. Akamwekea Nafula noti mkononi, akamtazama mdomo. Mwimbaji wa kwenye spika alikuwa katikati ya pumzi ndefu. Nafula alikuwa anameza mate.

Bibi hakusema neno. Akamwendea Khocha, akainama, akaweka kiganja chake chote juu ya nyuzi za kanuni, akazikandamiza.

Kanuni ikaendelea kulia.

"Mzee," akamwambia Khocha sikioni kwa Kiswahili cha Unguja, "hii kanuni yako inapigwa na jini?"

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Kikundi cha litungu kutoka Naitiri kimevishwa kanzu na kuigiza taarabu ya Zanzibar katika hoteli ya kifahari Maskati. Bibi aliyekuja kutunza ameshika nyuzi, na muziki haukukatika. SASA ENDELEA.

Khocha ana kasoro nyingi, lakini uongo wa ana kwa ana na mtu mzima humshinda.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Watu wa wapi nyie?"

"Naitiri."

"Naitiri?" Bibi akatafakari. "Ng'ambo hakuna Naitiri. Shamba huko?"

"Ni shamba kweli, mama. Mahindi tu, mpaka macho yachoke. Karibu na Kitale."

"Kitale ya Kenya!" Bibi akashika ukingo wa jukwaa akacheka mpaka Mkisii akaweka kipepeo chini na kumletea kiti. Kwenye meza ya Beit il Sahel mwanawe alikuwa ameshasimama, na Mister Dubai akaja mbio, tabasamu amelibandika usoni, akieleza kwa Kiingereza kwamba bibi amechoka asindikizwe.

"Wewe," bibi akamnyooshea mkongojo, "nenda kazime lile dude lako."

Likazimwa. Kimya kilichofuata wageni walikidhani ni sehemu ya maonyesho, na mmoja akapiga makofi. Bibi akamnyang'anya Nafula kipaza sauti kwa upole. Alisema kwanza kwa Kiarabu, kisha, alipoona tumebung'aa, akarudia kwa Kiswahili. Nimeyashika kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akiuvunja ukumbi wa namna ile bila kupandisha sauti.

Alizaliwa Malindi ya Unguja. Baba yake alikuwa akimchukua usiku kuwasikiliza Ikhwani Safaa, chama kilichoanza mwaka 1905 na ambacho mpaka leo kipo. Yalipotokea mapinduzi ya Januari 1964 alikuwa na miaka kumi na minane. Wakatangatanga, Mombasa kisha Misri, hadi Sultani Qaboos alipokalia kiti mwaka 1970 na kuwaita waliotawanyika warudi. Alipofika Maskati, Kiarabu chake kiliwachekesha majirani. Kiswahili ndicho alichokuwa akiotea ndoto.

"Sasa niwaulize wenye karamu," akaendelea. "Salme kakimbia Unguja mwaka 1866, usiku, kapanda manowari ya Waingereza. Kaka yake Barghash katawala kuanzia 1870, na yeye ndiye aliyetaka muziki wa Misri mjini, akampeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kanuni. Binti wa Mtoni taarabu hii kaisikilizia wapi? Hamburg?"

Waomani vijana waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Mwanawe hakucheka.

"Na hawa wenye vipepeo? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Nani kalifungua usiku huu?"

Hapo nilimwona Mkisii, polepole, akivua kizibao chekundu na kukikunja vizuri, akakiweka juu ya meza kati ya sahani ya halua na sahani ya tende. Waganda wawili waliokuwa upande wa pili wakatazamana.

"Mama, tafadhali, kaa," bwana wa kilemba akasema.

"Nimekaa." Akamgeukia Khocha. "Mtu hashiki hewa kwa vidole namna ile kama hana chombo chake anachokijua. Chombo chenu kiko wapi?"

Nafikiri jioni ile ndiyo mara ya kwanza tangu Nairobi Khocha kunyoosha mgongo. Akaitua kanuni sakafuni kwa heshima, maana haikuwa na kosa.

"Mwiwana," akaniambia. "Lete litungu."

Nikakusanya kanzu mkononi nikashuka. Nikiwa ngazini nikaona kiti cha Nafula ki tupu. Nilidhani amekwenda kunywa maji.

Nyuma ya ukumbi ule wa nakshi kulikuwa na korido ya saruji na taa za mirija, mahali ambapo hoteli ilikuwa hoteli. Nikapita wapishi wa Kihindi waliokaa chini wanakula wali kwa dali, nikapita matoroli ya sahani chafu, nikafika stoo ya mitungi ya gesi ambako Mister Dubai alikuwa ametuamuru tuache gunia letu. Litungu lilikuwamo. Nikalitoa, nikaligusa uzi mmoja kuhakikisha, likaitika.

Mlango wa kupakulia mizigo ulikuwa wazi. Nje, chini ya taa, gari jeupe lilikuwa likinguruma. Mister Dubai aliurusha mkoba wa ngozi kiti cha mbele, mkoba wenye pasipoti zetu, akapanda. Nikataka kupiga kelele. Ndipo gari likageuka, taa ikaingia kioo cha nyuma, na nikaona kanga ya kijani.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Mister Dubai anaondoka na pasipoti za kikundi kizima, na Nafula yumo garini. SASA ENDELEA.

Hoteli za namna ile hazina njia fupi. Kutoka mlango wa mizigo mpaka geti barabara inazunguka bustani yote ya mitende, ili mgeni apate muda wa kushangaa. Mimi nilikata katikati, kanzu nimeiuma kwa meno, litungu begani, nikiruka mifereji ya kumwagilia. Askari wa geti alikuwa tayari ameanza kuinua boriti.

Nilifungua mdomo kwa Kiingereza, hakikuja. Kiswahili nacho kikaniponyoka. Kilichotoka ni Kibukusu, chote, kwa sauti ya kumfukuza mwizi wa ng'ombe: kwamba dada yetu anachukuliwa, afunge.

Boriti ikashuka.

"Mulembe!" askari akaniita, macho yamemtoka. Alikuwa Mgisu wa Mbale. Kati ya kwao na kwetu pana mlima mmoja tu, Elgon, na lugha zetu husikilizana bila mkalimani.

Mister Dubai alishusha kioo, mtulivu kuliko sote. "Kijana, usijiharibie. Huyu yuko na kazi yake. Imeshalipiwa."

"Kazi gani?" Nafula akauliza kutoka nyuma. Wanja ulikuwa umemwagika mpaka mashavuni. "Si umesema pasipoti yangu ina kasoro, tukairekebishe kabla polisi hawajaja?"

Mgisu hakungoja ufafanuzi. Aliingiza mkono, akachukua mkoba, akazima gari na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akasema maneno ambayo askari walioajiriwa ughaibuni hawayasemi kirahisi: kwamba yeye atajibu.

Tuliporudi ukumbini, mimi, Nafula, Mgisu na Mister Dubai aliyeshikwa kiwiko, meneja alikuwa jukwaani na mkataba mkononi, akimwonyesha Khocha sahihi yake. Kikundi kilijitambulisha kuwa cha Unguja, alisema. Malipo hayatatolewa. Huenda kukawa na fidia.

"Tutaongea hayo," Khocha akamjibu kupitia Mkisii aliyekuwa akitafsiri. "Kwanza nifanye kazi niliyotoka nyumbani kuifanya."

Litungu hupigwa mtu akiwa ameketi chini kidogo, na kasri zima halikuwa na kigoda. Mmoja wa wapishi akaleta kreti ya soda, wakaigeuza. Khocha akavua kofia ya kiua, akalilaza litungu kifuani, akakaza uzi wa tatu. Mzee wa Ndalu alikuwa amekwisha kuitoa siiriri yake chini ya kanzu, kumbe aliingia nayo jukwaani tangu mwanzo. Mimi nikageuza dumbaki juu chini nikaipiga kama ngoma.

Mpiga litungu hawezi kukusifu kama hajui umetoka tumbo gani. Kwa hiyo Khocha akapiga mzunguko mmoja, akanyamaza, akauliza: "Mama, wewe ni wa ukoo gani?"

"Baba Mwarabu wa Rustaq," bibi akasema.

"Na mama?"

Bibi akamtazama mwanawe kabla ya kujibu. "Mama alikuwa wa bara. Aliletwa mdogo kutoka upande wa Tabora. Jina alilozaliwa nalo sikuambiwa, na wanangu hata hilo la Tabora sikuwaambia."

Khocha hajafika Tabora. Nadhani hajapita Nakuru zaidi ya mara mbili. Lakini aliimba Tabora: njia yake ndefu, embe zake, akina mama waliobaki wamesimama mlangoni. Alimwita bibi mjukuu wa walioachwa. Nafula akajibu kiitikio kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo, mapafu yake yakiwa yamepimwa au hayajapimwa, ilipanda mpaka kwenye kuba ikarudi. Wageni wengi hawakujua kama wapige makofi au wale. Waliojua walikuwa wachache, wazee watatu wanne kwenye meza za nyuma, na wale waliokuwa wamesimama na vipepeo. Bibi alitunza tena. Safari hii hakucheza. Alivua bangili, akaivisha juu ya pembe la litungu.

"Sasa huo mkoba," akasema.

Kufuli ndogo ilivunjwa kwa jambia, na nilistaajabu kuona kwamba lilikuwa la kweli. Pasipoti nne. Ndani ya kila moja karatasi ya viza iliyokunjwa. Meneja akafungua ya Khocha: mgeni. Yangu: mgeni. Ya mzee wa Ndalu: mgeni. Ya Nafula akaisoma, akaisoma tena, akaikunja haraka na kutaka kuirudisha mkobani.

"Lete," bibi akasema.

Akavaa miwani. Alisoma Kiarabu kwa kidole, mstari kwa mstari, akitutafsiria. "Kazi: mtumishi wa nyumbani. Muda: miaka miwili."

"Mimi ni mwimbaji," Nafula akasema.

Mister Dubai aliangalia milango ya nakshi. Yote minne iliyokuwa karibu yake haikuwa na kitu nyuma.

"Kila karatasi ya namna hii ina kafili," bibi akaendelea, "mtu ambaye bila ruhusa yake huyu mtoto hawezi kubadili kazi kabla muda huo haujaisha." Kidole kikateremka, kikafika chini, kikasimama. Mkono ukaanza kumtetemeka, karatasi nayo.

Aliinua macho, akampita meneja, akampita Mister Dubai, akatua meza ya Beit il Sahel. Kipaza sauti cha Nafula kilikuwa bado wazi magotini mwake, na ukumbi wote ukamsikia.

"Mwanangu," akasema, "mbona jina hili ni lako?"

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*